Uchumi wa buluu: sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaingiaje?

Mwalimu wa jiografia, Uyole

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha sekondari hapa Mbeya, na kwa sasa tuko kwenye mada ya uchumi wa buluu, yaani matumizi endelevu ya rasilimali za bahari. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kufika pwani. Maji makubwa wanayoyafahamu ni Ziwa Nyasa, pale Matema. Nimewaeleza kwamba mwaka 2018 viongozi wa nchi kadhaa, chini ya uenyekiti wa Norwei na Palau, waliunda jopo la ngazi ya juu la uchumi endelevu wa bahari, kwamba jirani zetu wa Kenya wamo, na kwamba Desemba 2020 walitoa ahadi ya kusimamia kwa njia endelevu asilimia 100 ya bahari iliyo chini ya mamlaka zao ifikapo mwaka 2025. Kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza: ahadi ya namna hiyo inamlinda nani, na mtu wa Mbeya anahusikaje na bahari iliyo mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa barabara? Ni swali zuri, na nisingependa kulijibu kwa maneno ya hotuba. Naombeni mifano halisi.

Afisa uvuvi mstaafu, Iringa

Mwalimu, heshima yako. Mimi nimetumikia pwani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo nitaanza na samaki aitwaye jodari (tuna).

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi ya pwani haki juu ya rasilimali zilizomo hadi maili 200 za baharini kutoka ufukweni. Jodari, hata hivyo, hana uraia: aliyeko kwenye maji yetu leo, baada ya muda atakuwa Shelisheli au Somalia, na nchi moja ikimvua bila kiasi, jirani yake hubaki akilinda maji matupu. Ndiyo sababu ipo Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Shelisheli. Mwaka 2015 wanasayansi wake walibaini kwamba jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi, na mwaka uliofuata nchi wanachama zikakubaliana kupunguza uvuvi wake. Mvutano haukuishia hapo, kwa kuwa nchi za pwani zinashikilia, na mimi naona zina haki, kwamba mataifa ya mbali ambayo meli zake zimevuna kwa miongo mingi ndiyo yanayopaswa kupunguza zaidi.

Waeleze vijana pia habari za Tawariq 1. Meli hiyo ya uvuvi ilikamatwa Machi 2009 ndani ya maji yetu ya maili 200 ikiwa na karibu tani 300 za samaki, na wengi tunaikumbuka kwa jina la «samaki wa Magufuli», kwa sababu hayati Magufuli ndiye aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi. Kinachosahauliwa ni kwamba iliyoikamata ilikuwa meli ya doria ya Afrika Kusini, katika operesheni ya pamoja ya nchi za ukanda huu. Sisi peke yetu tusingeifikia kule. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu ya kesi ile kutokana na kasoro za kisheria, nami bado inaniuma, kwa sababu ushirikiano ulifanya kazi yake baharini na sisi tukashindwa kuikamilisha nchi kavu.

Mkulima wa mpunga, Mbarali

Mzee wangu wa Iringa, shikamoo. Uliyoyasema nayakubali, lakini kwa heshima zote naona umeingia baharini moja kwa moja ukaupita mto, na jibu la kijana yule liko mtoni.

Mito ya huku Usangu, kama Mbarali, Kimani na Chimala, huishia kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Kutoka Ihefu ndipo Ruaha Mkuu unapoendelea kupitia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha mabwawa ya Mtera na Kidatu, Bwawa la Julius Nyerere na hatimaye delta ya Rufiji. Delta ile ina mikoko ya takribani hekta 50,000, na hakuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko huo Afrika Mashariki. Kambamiti wachanga hukulia humo, mahali maji baridi na maji chumvi yanapokutana. Basi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na lawama zote zimeelekezwa kwetu.

Njoo uone banio la kienyeji, yaani kizuizi cha kuingiza maji ya mto kwenye mfereji, la miti, mawe na viroba vya mchanga. Halina lango, kwa hiyo halifungiki. Mpunga umekwisha kuvunwa, nasi bado tunahitaji maji kidogo tu ya kunywa na ya mifugo, lakini mfereji wa udongo unaendelea kuvuta mto mzima, maji yanatuama kwenye majaruba yasiyo na zao na kukaukia juani. Hakuna mkulima anayependa jambo hilo. Banio la zege lenye lango la chuma, pamoja na mfereji wa kurudisha maji mtoni, lingepunguza upotevu huo, ila gharama yake kikundi cha wakulima hakiimudu. Mikataba inasainiwa mbali na mzigo tunaubeba sisi kwenye banio. Mataifa yakitaka delta ipate maji, fedha zake zianzie huku juu.

Mama dagaa, Tunduma

Nami niongeze la sokoni. Bahari inafika Tunduma ndani ya gunia. Dagaa wa Unguja hupita hapa kwenda Zambia na Kongo, na mnunuzi anayejua kazi huzamisha mkono hadi katikati ya gunia, akachota, akafikicha kwenye kiganja. Akiona mchanga, bei inashuka papo hapo, maana dagaa hao walianikwa chini. Waliokaushwa juu ya chanja hawana mashaka. Wavuvi wa taa hawatoki mbalamwezi ikiwa kali, na sisi tusioiona bahari tunalijua hilo kwa mzigo kupungua.

Kwa hiyo, Mwalimu, Mzambia naye anahusika. Nauliza tu: yeye asiye na pwani ana sauti yoyote katika mikataba hiyo, au kazi yake ni kununua?

Afisa uvuvi mstaafu, Iringa

Marahaba, mwanangu wa Mbarali, na mama wa Tunduma asante. Sauti anayo, walau kwenye karatasi: ibara ya 69 ya ule mkataba wa 1982 inazipa nchi zisizo na pwani haki ya kushiriki, kwa misingi ya usawa, katika kuvuna sehemu ya ziada ya samaki wa nchi za pwani za ukanda wao, kwa makubaliano na nchi hizo.

Kuhusu mto, mkulima ana hoja nzito, tena hoja hiyo imekwisha kuandikwa. Nchi kumi za magharibi mwa Bahari ya Hindi zimefungamana kwa Mkataba wa Nairobi wa 1985, na mwaka 2010 uliongezewa itifaki ya kuilinda bahari dhidi ya vyanzo na shughuli za nchi kavu. Kwa mtazamo huo Mbarali ni sehemu ya mazungumzo ya bahari sawa na Mafia, na anayeomba fedha za mabanio kwa jina la delta anadai kilichokubaliwa.

Mwalimu, ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko hapa hapa Iringa. Waandikie barua rasmi kupitia shule, uombe takwimu za mtiririko wa Ruaha Mkuu kwenye kituo cha kupimia maji cha Msembe, ndani ya hifadhi, kwa miezi ya Agosti hadi Desemba, kisha vijana wachore grafu wenyewe na kuipeleka kwa jumuiya ya watumia maji ya Mbarali, ambako watapata wa kuwajibu.