Mume wangu askari amenikabidhi hati za shamba: naomba ushauri

Mke wa Konstebo, Nakuru
Ndugu zangu, salaam. Tangu mume wangu arejee kutoka operesheni ya kupambana na wezi wa mifugo, ambako aliona wenzake wakiuawa, hapati usingizi, amezidisha pombe, na juzi alinikabidhi kadi ya benki pamoja na hati za shamba akisema kwamba watoto wasije wakahangaika. Amekataa katakata kumwona mnasihi, kwa kuwa anaamini mkuu wa kituo atampokonya bunduki na wenzake watamwona dhaifu. Je, niseme bila ridhaa yake?

Sajenti Mstaafu
Shemeji, pole sana. Jambo la hati limenitia hofu. Muulize leo, waziwazi, kama anafikiria kujiua; swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, bali humpa nafasi ya kusema. Kuhusu bunduki, kuirudisha ghalani na kupangiwa kazi ya ofisini kwa muda si adhabu, kwa sababu msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda ghafla kisha ukapungua, na silaha ikiwa mbali katika saa hizo, mtu huwahi kusaidiwa. Sisi askari tumezoea kuyameza yote na kuyaita ukakamavu, na jambo hilo limetugharimu watu wema.

Mnasihi, Eldoret
Naafiki. Akikiri kwamba ana mpango, usimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni hospitali usiku huohuo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo, nawe pia unaweza kuitumia. Iwapo mnahofia kushtakiwa, fahamuni kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

Mke wa Konstebo, Nakuru
Nimemuuliza. Amelia, akakiri kwamba wazo hilo humjia akiwa zamu ya usiku. Kaka yake yuko njiani kuja kutuchukua kwenda hospitali. Mkuu wa kituo nimweleze nini?

Sajenti Mstaafu
Kaka yake aonane naye faraghani, aseme kwamba askari wake ni mgonjwa na yuko kwa daktari, kisha aombe mambo mawili tu: asipewe silaha kwa sasa, na apewe likizo ya ugonjwa. Mengine yatasubiri.