MREJESHO: yule mgonjwa wa digoksini (dawa ya moyo inayopunguza kasi ya mapigo) mwenye mapigo 52 kwa dakika

Wakuu, niliuliza kama nimpe dozi yake au niizuie. Niliizuia, nikahesabu tena kifuani kwa stetoskopu dakika nzima (zile sekunde 15 za mkononi unazidisha kwa nne zinadanganya sana mapigo yakiwa yanarukaruka) bado 52, nikampigia daktari. Mgonjwa mwenyewe chakula hakitaki, kichefuchefu, halafu anasema taa anaziona za njano, hapo ndo nikashtuka. Majibu ya damu yakarudi potasiamu iko chini, 2.9, kumbe furosemaidi (dawa ya kukojoza maji) anayotumia inaitoa nyingi kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka digoksini inaweza kuwa sumu hata kama dozi ni ileile. Digoksini imesimamishwa, anaongezewa potasiamu taratibu huku yuko kwenye monita ya moyo. Leo mapigo 66, chakula kaomba mwenyewe.