Mrejesho: Bolti za M10×1.25 zilizokataa nati baada ya kupakwa zinki

Ndugu mafundi, niliuliza kwa nini bolti za M10×1.25 (kipenyo mm 10, umbali kati ya uzi mmoja na mwingine mm 1.25) zilizochongwa kwa 6h zilikataa nati za 6H (alama za usahihi na nafasi inayoachwa kwenye uzi) baada ya kupakwa zinki, ilhali kabla ya hapo ziliingia vizuri. Nawashukuru nyote kwa dhati.

Nilifuata ushauri wa kuchonga kwa 6g. Kama mlivyonieleza, herufi ndogo ni ya bolti na kubwa ni ya nati. H na h huanzia kwenye kipimo kamili bila kuacha nafasi, lakini g hukishusha chini kwa mikroni 28 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) katika uzi wa 1.25. Kwa kuwa pembe ya uzi ni nyuzi 60, kila mikroni moja ya zinki huongeza kipenyo cha katikati ya uzi kwa mikroni nne, hivyo tabaka la mikroni 5 lilikula 20 tu, na nati zote sasa zinaingia kwa mkono.

Bolti za kutumika nje, zilizochovywa kwenye zinki ya moto, hazikufaulu hata kwa 6g, kwa sababu tabaka lake huzidi mikroni 40 na hakuna nafasi ya g inayolitosha. Badala ya hizo nitachonga bolti mpya za M10 ya kawaida, ambayo isipoandikiwa namba ya pili huwa na uzi wa 1.5, na nimeagiza nati za 6AZ, zinazochongwa kwa upana zaidi kwa kazi hiyo hasa.