Kisu kidogo cha kukunja kwa safari ya nje: begi la chini, kununua huko huko, au kukiacha Tanga?

BintiChumbageni
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nina safari ya likizo kwenda Manchester kwa dada yangu. Napandia Dar, nabadilisha ndege Doha. Swali langu ni kuhusu kisu. Ninacho kile kidogo chekundu cha Uswisi, cha milimita 58 kikiwa kimekunjwa, chenye kimakasi na tupa ya kucha. Nilipewa na mjomba wangu aliyekuwa baharia, Mungu amrehemu, na hakitoki kwenye mkoba wangu. Namenyea machungwa, nakatia uzi, nafungulia maboksi ya mzigo dukani.

Njia ninazoziona: nikiweke kwenye begi la chini, nikiache nyumbani ninunue kingine cha bei ndogo kule, nibebe makasi madogo tu, au niende mikono mitupu. Mlio na uzoefu, ipi ina usumbufu mdogo?

BahariaRaskazone
Marahaba mwanangu. Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukaguzi wa ndege ni jambo moja, sheria ya nchi unayofikia ni jambo jingine kabisa. Kisu kinaweza kusafiri salama chini ya ndege halafu kikakuingiza matatani barabarani. Na kipo kinachoruhusiwa barabarani ila mkononi ndani ya ndege hakipandi.

Tuanze na barabarani. Uingereza wana sheria ya mwaka 1988 inayokuruhusu kutembea na kisu cha kukunja bila kutakiwa kueleza sababu, kwa masharti mawili: makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na bapa lisiwe na loki. Chako bapa halifiki hata sentimita 4 na loki hakina, kwa hiyo kwa sheria hiyo uko salama.

Hilo la loki ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu mtu anapima urefu tu. Kijaribu hivi: fungua bapa mpaka mwisho, kisha lisukume taratibu kwa mgongo wake, upande usio na makali. Likirudi ndani lenyewe, halina loki. Likigoma mpaka ubonyeze kijichuma pembeni au usogeze kipande cha ndani ya mpini, hilo lina loki, na Uingereza huruhusiwi kulibeba hadharani bila sababu ya msingi hata likiwa na urefu wa kidole kidogo. Visu vingi vya bei rahisi unavyoviona vimetandazwa kwenye meza za wachuuzi vina loki. Hata kampuni iliyotengeneza chako, Victorinox, visu vyake vikubwa vya milimita 111 vina loki, wakati vya 58 na 91 havina. Adhabu ya kubeba kisu kinyume cha sheria kule inafika kifungo cha miaka 4.

Na jambo moja zaidi, likae kichwani. Askari akikuuliza unabebea nini, usijibu "kujilinda". Hapa kwetu ni jibu la kawaida, lakini kule kitu chochote ukikibeba kwa nia ya kumdhuru mtu, hata kwa kujihami, kinahesabiwa silaha. Kisu kilichokuwa halali kinageuka kosa kwa maneno yako mwenyewe. Cha kumenyea matunda, basi, na huo ndio ukweli wako.

MzigoMmoja
Mimi husafiri na begi la mkononi tu, kwa hiyo begi la chini kwangu si jibu. Kulipia kilo za ziada na kusimama kusubiri mizigo kwa sababu ya kisu cha chungwa? Tena kanuni za Umoja wa Ulaya zinakataza mabapa yanayozidi sentimita 6, na Kanada wana kipimo hicho hicho. Cha kwake ni kidogo kuliko hapo. Aingie nacho, wakikichukua wamekichukua.

DadaLeipzig
Kaka MzigoMmoja, hiyo ya sentimita 6 ipo kweli. Lakini dada anaanzia Dar na anapita Doha, na Doha abiria wa kuunganisha ndege wanapitishwa tena kwenye mashine. Ukisafiri kwa kuunganisha, anayeamua ni mkaguzi mkali kuliko wote njiani. Kanuni ya Ulaya haimsaidii mtu ambaye hajafika Ulaya. Hata hao Kanada, ukipanda kwao kwenda Marekani ruhusa hiyo haipo. Na Marekani wenyewe, Machi 2013 mamlaka yao ya ukaguzi ilitangaza kwamba itaruhusu visu vidogo ndani ya ndege, wahudumu wa ndege wakapinga kwa nguvu zote, na Juni mwaka huo huo mpango ukafutwa. Mpaka leo kisu kinakaa chini.

"Wakikichukua wamekichukua" ni maneno ya mwenye kisu cha dukani. Hicho ni cha marehemu mjomba wake.

Niongeze la Ujerumani, kwa sababu watu wakifika Uingereza huwa wanavuka kutembelea ndugu huku. Vipimo si vile vile. Huku kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga kwa loki hakibebwi bila sababu, na cha bapa lisilokunja kikizidi sentimita 12 vilevile. Tangu mwisho wa Oktoba 2024 wamekaza: kwenye matamasha ya hadhara na treni za masafa marefu visu vimekatazwa, urefu wowote. Kama unakisafirisha tu, kiwe ndani ya begi lililofungwa, mahali ambapo huwezi kukichomoa kwa haraka. Mfukoni hapana.

MamaDunda
Amani iwe kwenu, nawasalimu kutoka Bagamoyo. Mimi nasaidia akina mama wanaokwenda umra, na swali hili kwetu halikauki, ila kwetu ni makasi na nyembe. Mwanamke akimaliza umra anapunguza nywele kidogo, kwa hiyo kila mmoja anataka makasi yake. Nawaambia makasi yote yaingie begi la chini, yafungwe ndani ya kitambaa kizito au kasha la miwani, maana mkaguzi akilifungua begi anaingiza mkono bila kuona. Nyembe za kunyolea wanaume hata wasijisumbue, vinyozi wamejaa kuzunguka Msikiti Mtukufu.

Kwa hiyo binti, ukichagua makasi mkononi, yawe na ncha butu na mafupi. Viwanja vingi vya Ulaya vinaruhusu yasiyozidi sentimita 6. Lakini mkaguzi akikataa usibishane naye, foleni haikusubiri. Chukua ya bei ndogo ambayo hutaililia.

FundiKaole
Naunga mkono begi la chini. Kisu ni cha kutumia. Mjomba hakumpa kikae kabatini. Akiviringishe kwenye soksi, akiweke katikati ya nguo, amemaliza.

BahariaRaskazone
FundiKaole, kwenye hilo la soksi tuko pamoja. Lakini begi la chini nalo lina matatizo yake. Begi linapita mikono mingi kati ya Dar na Manchester, na linaweza kupotea. Vilevile ahakikishe tiketi ni moja mpaka mwisho. Zikiwa tiketi mbili tofauti, huenda akalazimika kulichukua begi Doha na kulikabidhi upya.

Melini tulikuwa na desturi nzuri: kisu cha kazi kinabaki kazini. Ukishuka bandarini unakiacha chumbani. Japani, kwa mfano, hata kisu kidogo kilicho chini ya kipimo cha sheria ya visu bado kinaweza kukutia hatiani ukikificha mfukoni bila sababu. Hujui kila bandari inasemaje, kwa hiyo unakiacha. Ningekuwa mimi, cha mjomba kingebaki Tanga.

BintiChumbageni
Asanteni sana. Nimekijaribu kama alivyosema mzee, bapa limerudi lenyewe. Lakini mmenigusa kwenye hilo la kupotea. Nakiacha kwa mama. Sasa nikifika, si nikanunue tu kisu kidogo cha matunda supamaketi nikiweke kwenye mkoba? Paundi chache tu.

MtangaSalford
Dada, subiri hapo. Nakaa jirani kabisa na Manchester, na hapo ndipo wageni wengi hujikwaa. Kisu cha matunda cha supamaketi hakikunji. Ile ruhusa ya inchi 3 ni ya visu vya kukunja peke yake. Kwa hiyo kile kisu cha jikoni cha paundi 2, cha plastiki ya rangi, ndicho kibaya zaidi kutembea nacho mkobani kuliko hicho cha mjomba. Nunua, ila kiishie jikoni kwa dada yako.

Kama unataka cha kutembea nacho, nenda duka la vifaa vya kambi, mwambie muuzaji unataka cha kukunja kisicho na loki, chini ya inchi 3, na ukijaribu mbele yake. Au nunua kile cha Victorinox kisicho na bapa kabisa, chenye makasi na bisibisi tu. Mimi nina hicho, nacho ndicho ninachobeba siku za kazi. Matunda nayamenyea nyumbani, nayatia kwenye kibakuli cha mfuniko.

Siku ya makumbusho, uwanja wa mpira au mahakama, usibebe hata kidogo. Wanakagua mifuko mlangoni, na halali ya barabarani haikuingizi ndani.

MzigoMmoja
Hiyo ya kisu cha supamaketi sikuijua, shukrani. Dukani wanauliza umri?

MtangaSalford
Ndiyo, visu vya jikoni hawauzi kwa walio chini ya miaka 18. Ukionekana kijana watataka kitambulisho, kwa hiyo aende na pasipoti. Ukishalipa, kiache ndani ya pakiti yake na risiti, kitie chini ya mfuko, uende nacho moja kwa moja nyumbani. Kutoka dukani na kisu ulichonunua sasa hivi ni sababu inayoeleweka. Kukizungusha mjini jioni nzima si sababu.

BintiChumbageni
Nimeelewa. Cha mjomba kinabaki, makasi ya Mama Dunda yanaingia begi la chini, na machungwa nitamenya jikoni kwa dada. Mama Dunda, lile kasha la miwani, la plastiki ngumu au la ngozi?

MamaDunda
Plastiki ngumu, mwanangu. La ngozi ncha inatoboa.