Mtoto wa dada yangu anaolewa Shela: nikubali kumwokea keki?

Binti wa Langoni

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Binti wa dada yangu mkubwa anaolewa tarehe 16 Shaaban, wiki sita kutoka sasa, na dada yangu amekwisha kutangaza mbele ya watu kwamba keki nitaitengeneza mimi, kwa sababu mama mdogo naye ni mama. Mimi mwenyewe sikuulizwa. Huu ni mwaka wangu wa tatu nikioka nyumbani hapa Langoni, Lamu mjini, kwa kawaida keki za akika na za siku za kuzaliwa, na kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka mlangoni kwangu ilikuwa ya ghorofa mbili, ambayo mwenyewe alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka yangu. Anayoitaka bibi harusi ni ya ghorofa tatu, nyeupe, yenye maua ya sukari yanayoteremka upande mmoja, na wanawake watakaoalikwa usiku wa shughuli wanakisiwa kufika 250.

Shughuli ni Shela, kwa hiyo keki itavuka kwa boti. Oveni yangu ya gesi haichukui chombo kinachozidi inchi 10, friji ni ndogo, na habari za umeme wetu mnazijua. Tena siku hiyo mimi ndiye ninayetazamiwa kuwa chumbani bibi harusi akipambwa, kisha niwe mlangoni nikipokea wageni. Kuhusu gharama hakuna aliyetaja neno. Sitaki kumvunja moyo mtoto niliyempakata tangu ana siku saba, wala sitaki keki iiname mbele ya wakwe zetu. Je, nikubali, au nitafute njia ya kujitoa mapema?

Mwokaji wa Malindi

Wa alaykum salaam, dada. Mimi ningejitoa, na nitakueleza kilichonipata ili usidhani ni woga tu. Nilimwokea binti wa kaka yangu keki ya ghorofa tatu, nikaipanga yote nyumbani Malindi kwa kuwa nilitaka kuiona imekamilika kabla haijatoka, kisha nikaipakata ndani ya tuktuk hadi Watamu. Kila tuta barabarani lilikuwa likiisogeza ghorofa ya juu kidogo kidogo, na krimu ilikuwa imekwisha kulegea kwa joto. Tulipofika, upande mmoja ulikuwa umeshuka kiasi cha vidole viwili. Niliirekebisha kwa zaidi ya saa mbili katika chumba cha uani, na sauti za vigelegele ndizo zilizonijulisha kwamba bibi harusi ametolewa nje. Sikumwona akitolewa. Keki ilisifiwa sana, lakini mpaka leo kaka yangu akizionyesha picha za usiku ule, mimi simo hata katika moja.

Ikiwa umekwisha kuamua kuifanya, basi usiipange kabla ya kuvuka. Kila ghorofa ikae juu ya ubao wake mwembamba na ndani ya boksi lake, na vijiti vya kubebea uzito vikatwe sawasawa na urefu wa ghorofa ya chini, kwa kuwa ghorofa ya juu inapaswa kubebwa na vijiti, wala si na keki iliyo chini yake. Siagi huanza kuyeyuka ikifika kiasi cha nyuzi 32 hadi 35, nayo kaskazi ya Shaaban hii unaijua. Kwa hiyo krimu ya siagi tupu isikudanganye kwa sababu ilisimama vizuri ndani ya friji. Wengine huchanganya nusu siagi na nusu mafuta magumu ya mboga, ambayo huvumilia zaidi ingawa utamu wake hupungua. Mimi siku hizi hutumia ganashi ya chokoleti nyeupe, sehemu tatu za chokoleti kwa moja ya krimu kwa uzito, na joto likizidi huongeza chokoleti hadi sehemu nne. Fondanti, ile sukari laini inayosukumwa kama chapati na kufunikwa keki, nayo hupendeza, lakini ikitolewa kwenye friji na kukutana na unyevunyevu wa pwani hutoa jasho na kunata, na vumbi lote la njiani hubaki juu yake. Tena soma pakiti zote, kwa kuwa jelatini ya fondanti na vanila ya maji si zote ambazo mwenye kuchunga halali atazikubali.

Mama wa Shela

Wa alaykum salaam, mwanangu. Aliyekutangulia kujibu amesema ya kweli kuhusu keki, lakini kuhusu kujitoa sikubaliani naye. Harusi zetu hazikuwa za kuagizwa dukani. Wako waliokaa kutunga vikuba vya maua, wako waliokesha kwenye masufuria ya biriani, wako waliooka vileja siku tatu kabla, na hakuna hata mmoja aliyebebeshwa shughuli nzima peke yake. Kosa ninaloliona si kwamba umeombwa keki. Umeombwa kazi ya watu watano, nawe ukaihesabu kuwa ya mtu mmoja.

Hebu tazama hesabu yenyewe. Ghorofa tatu za duara za inchi 6, 8 na 10, zikikatwa vipande vyembamba vya harusi, hutoa kiasi cha vipande 12, 24 na 38, yaani 74. Kwa wageni 250, hata ukiifanya hiyo ya ghorofa tatu bado hukulisha hata thuluthi yao! Basi ghorofa ya tatu inamsaidia nani, isipokuwa mpiga picha? Mshauri bibi harusi achukue ghorofa mbili, ya inchi 8 na ya 10, ambazo zitatoa vipande 62, na wageni waliobaki wakatiwe jikoni mkate wa mayai wenye iliki. Sinia ya mraba ya inchi 10 hutoa vipande 25 vya inchi 2 kwa 2, kwa hiyo sinia nane ni vipande 200. Nyumba nne zikioka sinia mbili mbili, jambo limekwisha, na hata asiye na oveni atapalia makaa juu na chini kama tulivyofundishwa. Sijawahi kuona sahani ya mkate wa mayai ikirudi jikoni na kitu, ilhali vipande vya keki vilivyobakishwa aisingi pembeni nimevikusanya mara nyingi.

Maua ya sukari yaache. Unyevunyevu wa Lamu utayalegeza kabla hujamaliza kuyapanga, na kazi yake ni ya majuma. Tumieni asumini wa uani ambao haukupuliziwa dawa. Hufunguka magharibi, kwa hiyo ukiwekwa juu ya keki baada ya isha utakuwa mbichi, na chumba kizima kitanukia. Kazi hiyo hata wasichana wanaiweza, wewe uko mlangoni na wageni wako.

Jambo la mwisho ni bahari, ambalo sijaona mtu akiligusa. Tarehe 16 ni bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji hujaa karibu na saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, na hupwa karibu na saa tano za mchana. Ukisubiri saa nne au saa tano ili upate kumaliza kupamba, utaikuta boti iko chini kabisa na ngazi za gati zina utelezi, na mtu aliyebeba boksi haoni anapokanyaga. Vukeni saa kumi na mbili asubuhi, maji yangali juu na upepo haujaamka, na kila boksi liwe na mtu wake. Mizigo mingine ibebwe na punda, hiyo hapana.

Kaka wa Mkomani

Nitaongeza jambo moja tu kuhusu fedha, ambazo wenzangu wamezipita kwa adabu. Tenganisha vifaa na jasho lako. Mayai, siagi, sukari na hiyo chokoleti, ambayo itakubidi uiagize Mombasa na kuomba isiyeyuke ndani ya basi kabla ya kufika gati la Mokowe upande wa bara, viandike kwenye karatasi na umpe dada yako wiki hii, wala si baada ya harusi. Jasho liwe ndiyo zawadi yako kwa bibi harusi, ukipenda, na ulitaje hivyo waziwazi ili lijulikane kuwa ni zawadi. Wapo watakaosema kuandikiana ndugu kwa ndugu ni aibu. Mimi nimeona aibu iliyo kubwa zaidi, watu wa nyumba moja hawajasalimiana miaka miwili kwa sababu ya deni la vifaa ambalo halikuwahi kutajwa.

Binti wa Langoni

Nawashukuru nyote. Jana nilikwenda kwa dada yangu na karatasi mkononi. Nilianza na ghorofa, na hapo palikuwa pagumu, kwa kuwa alitaka ghorofa ya tatu iwepo hata kama ni boksi gumu lililopakwa aisingi. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyekataa, akasema hataki kusimama kando ya keki ya uongo mbele ya mama mkwe wake. Kwa hiyo ni ghorofa mbili, za kweli, na asumini tutachuma kwa shangazi yake. Sinia sita za mkate wa mayai zimekwisha kupata wenyewe, na mbili nitaoka mimi siku mbili kabla, ingawa Mama wa Shela atanisamehe nikitumia gesi.

Karatasi ya vifaa dada yangu aliisoma kimya, akaikunja, akaiweka chini ya mto, kisha akaniuliza kwa nini mayai ni mengi hivyo. Nimelichukua hilo kuwa ni kukubali, lakini chokoleti sitaiagiza mpaka nione fedha.

Ganashi niliijaribu usiku uleule. Bakuli la sehemu tatu kwa moja nililiacha darini tangu saa nne za asubuhi hadi alasiri, na likalegea pembeni kiasi cha kuonekana. La nne kwa moja lilisimama. Lililobaki sasa ni kupata mikono miwili ya kubeba boksi la inchi 10 alfajiri ile, maana mpwa wangu aliyejitolea ndiye yuleyule aliyeliangusha sufuria la tambi Idi iliyopita, na sijui nimwambieje.