Mwekezaji apewe ufukwe wa kijiji, au asipewe?

Mtoa mada, Gungu

Wakuu, mwakeye. Naleta hoja iliyonikosesha usingizi tangu nirudi likizo. Naomba tuijadili kwa utulivu, maana kuna watu wanaisubiri kwa hamu na kuna watu wanaiogopa, na wote ni ndugu zangu.

Nimezaliwa kwenye kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma, wilaya ya Uvinza, kabla hujafika hifadhi ya sokwe ya Mahale. Jina lake naliacha kwa sababu jambo lenyewe bado bichi. Nilikwenda kupumzika siku kumi, nikaenda na mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye alikuwa hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika. Tulipanda boti Kibirizi mchana, tumebanana na magodoro, kreti za soda, mbuzi wawili na mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka hospitali. Tukafika usiku. Kwetu hakuna gati. Boti inasimama majini, mitumbwi inakuja kushusha watu, na mizigo inapokelewa mkono kwa mkono. Hata meli ya Liemba, enzi zake, vijiji vingi vya mwambao ilikuwa inavihudumia hivyohivyo.

Asubuhi mwenzangu alikaa juu ya jiwe muda mrefu bila kusema neno. Maji yale yametakata, unaona mawe ya chini na samaki wadogo wa rangi wanaozunguka kila mmoja na jiwe lake. Nyuma yako ni mlima na miombo, mbele ni maji tu, na milima ya Kongo iko kwa mbali kama moshi. Akaniambia, "Hapa pasiguswe kamwe." Bibi yangu alikuwa anapepeta unga wa muhogo pembeni, akamsikia. Akamjibu, "Mjukuu wangu, mimi nataka paguswe. Nataka zahanati yenye dawa."

Wiki ileile akaja mwekezaji na watu wake. Anataka ufukwe wetu wa mchanga, karibu kilomita nzima, ajenge nyumba za wageni wanaopenda sehemu zilizojitenga. Ameahidi vyumba viwili vya madarasa, kisima na ajira kwa vijana. Mkutano mkuu wa kijiji utaitishwa kuamua.

Sasa mtu asiyeujua mwambao ule atasema ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 600, kilomita moja ni kitu gani? Tatizo ni kwamba mwambao ni mrefu lakini mchanga ni mchache. Sehemu kubwa ni miamba na milima inayoshuka moja kwa moja majini. Kila penye mchanga pana kijiji, na kijiji kipo pale kwa sababu ya huo mchanga.

Wavuvi wanarudi alfajiri. Akina mama wanapokea ndoo, wanamwaga dagaa mchangani na kuwatandaza kwa viganja mpaka kila mmoja alale peke yake. Jua likipanda wanawageuza kwa ufagio, taratibu, wasivunjike vichwa. Mama yangu mdogo ana namna yake: anachuchumaa, anaokota dagaa mmoja katikati ya uwanja, anamkunja kwa vidole viwili. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akipinda, bado. Likipatikana jua zuri, jioni wanaingia kwenye gunia. Wingu likikusanyika mchana, utaona wanawake arobaini wanakimbia na maturubai, na watoto wanaachwa walie.

Huo ndio ufukwe anaoombwa mwenyekiti wa kijiji. Msimamo wangu ni kwamba wageni waje, lakini mchanga usitolewe. Naomba kuwasilisha.

Kijana wa boti, Kibirizi

Kaka, umeandika kwa uchungu, ila wewe una mshahara. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sipingi, samaki walikuwa wameadimika kweli. Lakini hiyo miezi mitatu mimi nilikula nini? Niliuza simu, nikauza na injini ndogo niliyokuwa nachangia na shemeji yangu. Na angalia hiyo miezi: ni kiangazi, ndio msimu wenyewe wa watalii wa Mahale. Wageni wanafika wakati uleule ambao mvuvi amekaa chini ya mti hana la kufanya. Wangekuwa wanalala vijijini, ningekuwa nawapeleka na boti.

Sasa hivi wanapita juu. Ndege ndogo inashuka uwanjani kule Mahale, boti ya kambi inawachukua, wanaangalia sokwe, wanalala kambini, wanaondoka na ndege. Huo mwambao "usioguswa" unawafaidisha wale wenye kambi. Sisi tunasikia mlio wa ndege tu.

Apewe. Dagaa wanaweza kuanikwa kwenye vichanja, na tena wa kichanja hawana mchanga, bei yake iko juu.

Mama wa Ilagala

Mimi sina maneno mengi. Mnabishana ufukwe, sisi huku tunaijua barabara ya Simbo, Ilagala mpaka Kalya masika inavyokuwa. Mjamzito wa huko chini akishikwa usiku anategemea boti, na ziwa likichafuka hakuna boti. Huyo mwekezaji na wageni wake watakuja na ndege. Mwambieni aanze na kitu kitakachomsaidia huyo mama, ndipo muongee habari za mchanga.

Mwana wa Watongwe

Nimesoma yote, nikaona niseme. Milima ya Mahale ilikuwa kwetu. Babu zangu waliishi kwenye miteremko ile wakilima kwa kuhamahama na kurina asali. Watafiti wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi ya sokwe pale mwaka 1965, na Watongwe ndio waliowaonyesha njia, miti na majina yake. Baadaye watu wakashushwa kwenye vijiji vya mwambaoni, na mwaka 1985 ikatangazwa hifadhi, kilomita za mraba 1,613, pamoja na ukanda wa maji mbele yake ambao huruhusiwi kuvua.

Siichukii hifadhi. Bila hiyo misitu ile ingekuwa mkaa leo, na sokwe wangebaki kwenye picha. Ninachokumbusha ni kwamba sisi tulikwisha kutoa mlima. Tukashushwa ufukweni. Sasa ufukwe nao unaombwa. Tukiutoa, mtutafutie na mitumbwi ya kulala.

Na huyo mgeni aliyesema pasiguswe, mwelezeni kwa upole kwamba pale pameguswa siku nyingi. Ile michikichi aliyopiga nayo picha haikuota yenyewe.

Mdau wa ardhi, Tabora

Ndugu zangu, naona watu wanasema "apewe", "asipewe" bila kuuliza anapewa nini hasa. Hapo ndipo vijiji vingi vinaposhikwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasimamia ardhi ya kijiji. Mtu asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi hiyo kama ilivyo. Ili apewe kwa uwekezaji, lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, yaani isiwe tena ya kijiji. Eneo likiwa halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Sio mwenyekiti, sio mtendaji, sio halmashauri ya kijiji peke yake. Likizidi hapo, uamuzi unakwenda kwa waziri. Na ikishahamishwa, imetoka. Mwekezaji akifilisika, akaondoka, akaacha magofu, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Kwa hiyo watu wanaodhani wanapangisha, mara nyingi wanaaga.

La pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Huwezi kuweka humo shughuli za kudumu, wala zinazoweza kuharibu mazingira. Mkiishika hiyo, mnaweza kumwambia huyo bwana: jenga nyuma ya mita 60, kwa masharti, na huku mbele pabaki njia ya wote. Akikataa, mtakuwa mmejua alichokuwa anakitaka.

Usisaini kitu kilichoandikwa kwa lugha ambayo mkutano haukusomewa. Hili nalisema kwa kuwa nimeona kijiji kimoja kikisomewa ukurasa mmoja wa mkataba wa kurasa nyingi.

Mtoa mada, Gungu

Asanteni. Nimeandika na kufuta mara tatu.

Mdogo wangu wa Kibirizi, umenigusa. Ni kweli nina mshahara, na ni kweli miezi ile mitatu mimi nilikula. Hoja yako ya msimu nitaibeba mkutanoni kama ilivyo, sikuwa nimeiwaza. Lakini ya vichanja tuielewe vizuri. Kichanja kinataka nguzo, wavu na hela ya kuanzia, na bado kinataka mahali pa kusimama penye jua na upepo, karibu na mitumbwi inakoshusha. Kikisimama mbele ya dirisha la mgeni aliyelipa kuangalia ziwa, harufu itakuwa kesi. Nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu mahali pengine kando ya ziwa hili hili: kwanza likaja ombi kwamba akina mama wasogee kidogo, halafu kamba, halafu ukuta. Mwaka wa tatu watoto walikuwa wanazunguka juu mlimani kwenda kuchota maji waliyokuwa wanayachota mbele ya nyumba.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa: vyoo. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, ukiacha Baikal hakuna linalolishinda kwa kina duniani. Mtu anaweza kudhani litameza chochote. Lakini maji yake yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na huko chini kabisa hakuna hewa ya kuishi samaki. Uhai wote uko juu, na wale samaki wa rangi ambao wengi hawapatikani ziwa lingine lolote wako hapo hapo kwenye mawe ya ukingoni, miguuni pa mgeni. Nyumba ishirini za wageni zikimwaga maji machafu kwenye ghuba ndogo kama yetu, kinachofuatwa na wageni kitakuwa cha kwanza kufa. Na tangu mwaka 2020 tumeona ziwa lilivyopanda, hapa Kigoma na Bujumbura, maji yakaingia kwenye majengo ya ukingoni. Shimo la choo lililochimbwa mchangani linakwenda wapi siku hiyo?

Mama wa Ilagala, bibi yangu angekukumbatia.

Kwa hiyo ninachokwenda kusema mkutanoni ni hiki. Ardhi isihamishwe. Kama anataka kufanya kazi nasi, ajenge nyuma ya mita 60, nyumba chache, vyoo vikaguliwe kabla ya mgeni wa kwanza kulala. Uwanja wa kuanikia na njia ya mitumbwi viandikwe kwenye mkataba kwa vipimo, sio kwa maneno. Boti za kubeba wageni ziwe za kijiji. Na kitu cha kwanza kujengwa kisiwe chumba cha darasa chenye bango la jina lake. Kiwe boti ya wagonjwa yenye injini ya uhakika, inayolala kwetu. Akiona ni mengi, tuanze wenyewe na nyumba mbili za wageni za udongo na nyasi, migebuka ya mawese na ugali wa muhogo. Mwenzangu wa Dar es Salaam alilala kwenye kitanda cha kamba siku kumi, akalia siku ya kuondoka.

Mkutano ni Jumamosi ijayo. Nitapanda boti Alhamisi. Mdau wa Tabora, kama unaweza kunipatia nakala ya kifungu hicho cha 57 na ile sheria ya vijiji kwa Kiswahili, nitazichapa hapa Kigoma nakala thelathini na kuzigawa kwa akina mama wa dagaa kabla mkutano haujaanza. Na kama kuna kijiji chochote cha mwambao kilichokwisha kuingia mkataba wa namna hii, kiwe kimefaidika au kimeumia, mtu wa huko aniandikie kabla ya Alhamisi.