Kikundi chetu kimekataliwa kusajiliwa chuoni: rufaa inapelekwa wapi?

Kutoka: Mwana wa Newala

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa watu wote wa Kusini mwa Tanzania mlio katika orodha hii, hasa sisi tunaosoma Ujerumani.

Naomba msaada wa haraka. Sisi wanafunzi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji tuliandika katiba ya kikundi chetu na kupeleka fomu katika ofisi ya chuo ili tutambuliwe kuwa Hochschulgruppe, yaani kikundi rasmi cha chuo, tupate chumba cha mikutano na haki ya kuomba fedha AStA, kamati tendaji ya wanafunzi. Tumejibiwa kwamba chuo tayari kina kikundi cha Waafrika, kwamba kikundi hicho ndicho chenye kiti katika kamati ya wanafunzi wa kimataifa, na kwamba tunashauriwa kujiunga nacho. Tumeambiwa pia kwamba Msumbiji si Afrika Mashariki, kana kwamba Mmakonde wa Mueda kule Msumbiji na Mmakonde wa Newala hawasalimiani kwa lugha moja.

Barua hiyo iliambatana na fomu ya Jioni ya Mataifa. Mahali pa kueleza mchango wa kikundi pana visanduku viwili tu vya kutia alama: chakula na ngoma. Sisi tulikuwa tumeomba jioni ya mjadala kuhusu mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, na vita vya Maji Maji, na ombi hilo halikuguswa kabisa katika majibu yao.

Maswali yangu ni mawili. Je, rufaa ya jambo hili inapelekwa StuPa, yaani bunge la wanafunzi, au kwa uongozi wa chuo? Na je, jina langu likiandikwa kuwa la mwenyekiti, linaweza kunitia matatani Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, nitakapokwenda kuongeza muda wa 16b yangu, yaani kibali cha ukaazi cha masomo? Marekebisho ya maombi yetu yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Kutoka: Dada wa Masasi

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hayo yamenikuta mimi hapa Baden-Württemberg, ambako wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya tunatozwa euro 1,500 kila muhula tangu muhula wa baridi wa 2017/18. Tulipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukacheza sindimba mpaka watu wakasimama juu ya viti, na picha zetu zikapamba kijitabu cha chuo. Ilipofika siku ya kujadili namna ada ile inavyotuumiza na nani asamehewe, hapakuwa na hata mmoja wetu katika chumba kile. Walizungumza juu yetu watu wema kabisa, wenye nia njema kabisa, ambao hawajawahi kulipa ada hiyo. Tangu siku ile nimekataa kupika.

Ushauri wangu ni kwamba muachane na chuo, mkasajili e.V. yenu wenyewe, yaani chama kilichosajiliwa kisheria. Watu watatu wanatosha.

Kutoka: Kaka wa Kilwa Masoko

Dada yangu, kwa heshima zote, tusimpotoshe kijana. Kusajili e.V. kunahitaji wanachama 7. Hayo yamo katika kifungu cha 56 cha BGB, sheria ya kiraia ya Ujerumani. Watatu unaowataja ni kiwango ambacho chama kikishuka chini yake kinapoteza usajili wake. Saini za viongozi zinathibitishwa na notari ndipo karatasi ziende Amtsgericht, mahakama ya mwanzo, na notari halipwi kwa maneno matupu. Zaidi ya hapo, chama ambacho wengi wa wanachama wake wanatoka nje ya Umoja wa Ulaya kinapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka ya mahali ndani ya wiki 2 baada ya kuundwa. Wengi hulisahau jambo hilo.

Kuhusu StuPa, mdogo wangu asijisumbue. Mgeni hana sauti mle.

Kutoka: Mtu wa Lindi Mjini

Kaka, umeanza kwa kusahihisha na umemaliza kwa kukosea, na kosa lako ni kubwa kuliko la dada. Wewe uko Bavaria, jimbo ambalo wanafunzi hawana chombo chao chenye mamlaka kamili ya kisheria kama ilivyo katika majimbo mengine, na unapima nchi nzima kwa hapo ulipo. Huku kwingine kila aliyesajiliwa masomoni ni mwanachama wa Studierendenschaft, yaani jumuiya ya wanafunzi wote, analipa mchango wake ndani ya Semesterbeitrag, malipo ya kila muhula, anapiga kura na anaweza kugombea. Hakuna anayeuliza pasi yake ya kusafiria ni ya nchi gani.

Nilichaguliwa mimi mwenyewe, tena kwa kura za watu ambao wengi wao hawajui Lindi iko upande gani wa dunia. Vyuo vingi vina pia Referat, yaani idara, ya wanafunzi wa kigeni ndani ya AStA, ambayo wageni wenyewe huichagua, nayo ina fungu lake la fedha. Nawaambia kwa uchungu kwamba kiti hicho hugombewa na watu wachache mno. Tunalalamika kwamba hatuwakilishwi, halafu siku ya kura tuko kazini, tukihesabu zile siku 140 tunazoruhusiwa kufanya kazi kwa mwaka. Siwalaumu, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri, lakini anayekaa pale bajeti inapopitishwa ndiye anayeamua kama mjadala wa Tendaguru utapata fedha au hautapata.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Shangani, Mtwara

Wanangu, nimesoma barua zenu jioni hii baada ya kutoka shamba, ambako korosho zimeanza kudondoka na kila mtu ameinama kuziokota. Najua wengi wenu mngependa kuwa hapa kwa sasa.

Mwanangu wa Newala, usikubali mjadala ule ugeuzwe kuwa ngoma. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya Tendaguru ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu wa Lindi, kwa miguu, mpaka bandarini. Mjusi aliyeungwa kwa mifupa hiyo alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, akiwa na kimo kinachozidi mita 13. Wataalamu wa Kijerumani walioongoza uchimbaji, Janensch na Hennig, wanajulikana, lakini ni wangapi kati yenu waliwahi kufundishwa jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye mikono yake ilijua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja? Chuo kikizungumza habari za Tendaguru bila mtoto wa Kusini katika meza ya wazungumzaji, kinarudia jambo lile lile.

Sisi wa Mtwara hatuhitaji kuelezwa uchungu wa kuamuliwa. Mwezi Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa na bomba la gesi yetu likathibitishwa kwenda Dar es Salaam, mji huu uliwaka moto na watu walipoteza maisha. Wananchi walitaka kwanza wasikilizwe.

Kutoka: Dada wa Masasi

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu Tendaguru, ila naomba tusiingize habari za gesi, kwa maana hatutatoka humo salama na kijana ana tarehe ya mwisho. Ningependa aitaje katika barua yake ziara ya Rais Steinmeier wa Ujerumani, ambaye aliomba msamaha Songea kuhusu vita vya Maji Maji mwezi Novemba 2023. Vita vile vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, ndani ya mkoa wetu wa Lindi wa leo. Ikiwa mkuu wa nchi yao ameona jambo hilo linastahili safari, ofisi ya chuo haiwezi kusema halina mahali pa kuandikwa.

Kaka wa Kilwa, kuhusu wale 7 nimekusikia. Hata hivyo ungeweza kusema kwa upole.

Kutoka: Kaka wa Kilwa Masoko

Nilisema kwa upole. Na kuhusu 16b, Ausländerbehörde kwetu hutazama maendeleo ya masomo. Hawajawahi kuniuliza kuhusu vikundi. Lakini mimi sikuwahi kuwa mwenyekiti.

Kutoka: Mwana wa Newala

Nawashukuru nyote, na mwalimu namwamkia tena. Nimekwenda AStA leo nikaambiwa usajili wa vikundi si kazi yao. Nimekwenda katika ofisi ya chuo nikaambiwa niende AStA. Nitaandika barua moja na kuipeleka kote kuwili, nikitaja mjadala wa Tendaguru katika aya ya kwanza, na jina la Boheti bin Amrani litakuwemo. Kwenye ile fomu ya Jioni ya Mataifa hatutatia alama popote.

Mwenzetu wa Mueda anauliza kama tumwondoe katika orodha ya waanzilishi ili usajili upite kwa urahisi. Nimemjibu kwamba hapana. Kama kuna mwenye Kijerumani kizuri cha ofisini, namwomba aipitie barua kabla ya Ijumaa.